Gluteni: nani aiache, na lebo inamwambia nini?

Gluteni ni nini?
Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano). Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mahindi, mchele, mtama, ulezi na muhogo hazina.

Mbona wengi wanaikwepa siku hizi?
Wengi wanatafuta kupungua uzito. Ukiacha keki, biskuti na maandazi, sukari na mafuta hupungua mwilini, lakini sifa hupewa gluteni. Wengine hujaa gesi wakila mkate, na mara nyingi kisababishi ni fruktani, aina ya wanga iliyomo kwenye ngano hiyohiyo. Mwenye afya njema halazimiki kuiacha.

Nani basi lazima aiache?
Mwenye ugonjwa wa seliaki, ambao hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100 duniani. Akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba, na chakula hakifyonzwi ipasavyo. Huweza kuharisha na kukonda, mtoto hudumaa, wengine huishiwa damu kila mara hata wakimeza vidonge vya madini ya chuma. Uholanzi ilipokumbwa na njaa mwaka 1944 hadi 1945 na mkate ukaadimika, daktari wa watoto Willem Dicke aliona wagonjwa wake wakipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mpaka leo tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Niache kwanza nione?
Hapana, nakusihi. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, nazo hupungua ukiacha ngano. Utaambiwa huna ugonjwa, kumbe unao. Endelea kula kama kawaida mpaka upimwe.

"Haina gluteni" kwenye pakiti ina maana gani?
Marekani, ambako kanuni hii ilitolewa mwaka 2013, na vilevile Ulaya, kiasi kisizidi miligramu 20 kwa kilo ya chakula. Usiichanganye na "haina ngano", kwani shayiri yaweza kuwamo. Sheria ya Marekani inalazimisha ngano itajwe kama kizio (kitu kinachosababisha mzio), lakini si shayiri wala rai. Kwa mgonjwa, lebo ya "haina gluteni" ni kinga. Kwa asiye mgonjwa, mara nyingi ni bei ya juu tu, na mikate mingi ya aina hiyo ina nyuzinyuzi chache.

Na mgonjwa asiyepata bidhaa hizo?
Ana ugali, wali, viazi, ndizi, maharage, samaki, hata vitumbua vya mchele. Hatari iko kwenye mchanganyiko. Mashine iliyotoka kusaga ngano huacha unga wake ndani ya mahindi yako, kwa hiyo ongea na msagishaji, au tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Nyumbani mtengee kikaango, na usimkaangie muhogo kwenye mafuta yaliyopikia maandazi.