Boti kuukuu la kuvuta: yanayosemwa bandarini na yaliyo kweli

"Maji ya Ziwa Kivu hayana chumvi, kwa hiyo chuma hakiozi." Huoza, ila polepole kuliko baharini. Kutu hula zaidi kwenye mstari wa maji, panapolowa na kukauka kila siku, na ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti, chini ya injini, ambako maji hutuama bila kuonekana. Rangi mpya ya nje haithibitishi lolote. Unene upimwe kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, bati kwa bati. Lililoanza na milimita 8 likishuka chini ya 6, likatwe.

"Kiraka juu ya bati bovu kinatosha." Maji hunaswa katikati na kutu huendelea gizani. Kata hadi ufike kwenye chuma kizima, na pembe za kiraka ziwe za mviringo kwa sababu pembe kali huanzisha ufa. Boti lililofungwa kwa riveti, yaani pini za chuma zinazobana bati, ni kazi ya subira: moto wa kuchomelea huzilegeza riveti za jirani, nazo huanza kuvuja.

"Ukitoa boila la mvuke na kuweka dizeli nyepesi, boti hupata nafuu." Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Boila na makaa vilikuwa uzito uliokaa chini. Vikitoka, boti huinuka, rafadha (pangaboi) hukaribia uso wa maji, na kitovu cha uzito hupanda. Rudisha uzito huo chini kabisa kwa farumi, yaani uzito wa kutuliza boti, iliyofungwa imara isihame. Wengi hufanya kinyume: wanajenga sitaha ya abiria juu.

Kabla ya kupakia mtu, pima uthabiti siku isiyo na upepo, kamba zikiwa zimelegea. Chukua boti la tani 60. Hamisha kilo 300 mita 3 kwenda ubavuni, kisha tazama timazi (uzi wenye uzito mwishoni) ya mita 2 iliyotumbukizwa kwenye ndoo ya maji ili itulie. Ikisogea sentimita 4, yaani 0.02 ya urefu wake, kipimo cha uthabiti ni 0.3 × 3 ÷ (60 × 0.02), yaani mita 0.75. Timazi ikisogea mara mbili ya hapo, uthabiti umepungua nusu.

"Farasi wengi, mvuto mkubwa." Mvuto hutoka kwenye rafadha pana inayozunguka polepole. Dizeli ya mizunguko 1,800 kwa dakika inahitaji giaboksi. Ya 6 kwa 1 huishusha hadi 300. Tena Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari: injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 hadi 15 ya nguvu.

"Iliyozama imekwisha." Meli Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Iliinuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na mvuke ukabadilishwa kuwa dizeli katika miaka ya 1970.

"Tangi tupu halina hatari." Watu wa Goma wanaijua mazuku, hewa nzito inayoua mabondeni. Tangi la chuma lililofungwa nalo huua, kwa njia nyingine: kutu hula oksijeni. Fungua vifuniko viwili, puliza hewa kwa feni, kisha pima juu, katikati na chini. Ikiwa oksijeni iko chini ya asilimia 19.5, hakuna kuingia. Mtu mmoja abaki mlangoni ameshika kamba ya aliye ndani, na asimfuate akianguka: amvute kwa kamba hiyo.