"Yuniti zangu zimetimia": dhana potofu kuhusu somo kuu na somo dogo

Kila msimu wa kuandaa orodha ya mahafali, kauli ni ile ile: "Lakini mwalimu, yuniti zangu zimetimia." Yuniti ni kozi moja moja za semesta, na anayesema hivyo anauliza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha. Nimeisikia kauli hiyo kupita kiasi, tena kutoka kwa wanafunzi wenye alama nzuri, ambao wazazi wao wameshaalika jamaa kutoka ushago. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa shahada ya kwanza hapa Nairobi, na haya nayaandika hasa kwa walio mwaka wa kwanza na wa pili, ambao bado wana nafasi ya kujipanga.

"Yuniti ni yuniti, mradi hesabu ifike."

Sivyo kabisa. Somo kuu, yaani fani unayoichukulia shahada, lina mafungu yake: yuniti za lazima, za kuchagua ndani ya idara, za kuchagua nje ya idara, na zile za chuo kizima kama stadi za mawasiliano. Kila fungu lina idadi yake, na ziada ya fungu moja haizibi pengo la jingine.

Mwanafunzi mmoja wa uchumi aliniletea transkripti yenye yuniti nne zaidi ya zilizotakiwa. Sosholojia ilikuwamo, saikolojia ilikuwamo, hata Kifaransa, na zote alikuwa amezifaulu vizuri. Tukaipitia mstari kwa mstari. Ekonometria, yaani matumizi ya takwimu katika uchumi, haikuwamo. Yuniti hiyo husajiliwa na aliyefaulu takwimu, na takwimu alikuwa ameiahirisha ili ratiba iwe nyepesi. Alipoimaliza, ekonometria ilikuwa inafundishwa semesta moja tu kwa mwaka, na semesta hiyo ilikuwa imepita. Wenzake wakavaa majoho, yeye akabaki akisubiri yuniti moja. Linaniuma jambo hili kwa sababu mpangilio mzima wa yuniti, na ipi inatangulia ipi, ulikuwa ndani ya kitabu cha mwongozo alichopewa siku aliyoripoti chuoni.

Someni misimbo ya yuniti. Katika vyuo vingi vyetu tarakimu ya kwanza ya namba huonyesha kiwango: za 100 ni za mwaka wa kwanza, za 400 ni za mwaka wa nne. Idara hudai yuniti kadhaa za viwango vya juu kwa kuwa huko ndiko mwanafunzi anakoacha kukariri istilahi na kuanza kufanya kazi ya taaluma yenyewe: kuchanganua data, kutetea hoja, kuandika mradi. Utangulizi wa masomo kumi humfanya mtu awe na maarifa mapana, lakini haumfanyi mwanauchumi.

Somo dogo, yaani fani ya pili yenye yuniti chache, nalo halijitokezi lenyewe. Mtu anachukua yuniti tano za biashara alizozipenda, halafu mwaka wa nne anauliza kwa nini somo dogo halimo kwenye transkripti. Kwa kawaida hutangazwa mapema, kwa fomu iliyotiwa saini, na yuniti zake huwa zimeorodheshwa. Tena vyuo vingi huweka kikomo cha yuniti zinazoweza kuhesabiwa katika somo kuu na somo dogo kwa pamoja. Bila kikomo hicho mtu angepewa sifa mbili kwa kazi moja. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wamechoka kuusikia: chapisha orodha ya matakwa ya programu yako, na kila mwisho wa semesta kaa na kalamu ukitia alama. Usitegemee kumbukumbu, wala kundi la WhatsApp. Aliyekutangulia miaka miwili huenda alisoma mtaala mwingine, na kwa kawaida wewe unafungwa na kanuni za mwaka ulioingia.

"Mkuu wa idara akitaka, atanisamehe."

Hana mamlaka hayo. Mtaala huandikwa idarani, hupita bodi ya kitivo, huidhinishwa na Seneti, baraza kuu la kitaaluma la chuo, na programu yenyewe hukaguliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Anachoweza mkuu wa idara ni kupendekeza yuniti mbadala, kwa maandishi, na ngazi za juu ziamue. Basi usimpelekee machozi. Mpelekee muhtasari wa kozi uliyosoma, mada baada ya mada, ili ulinganishwe na ule unaotakiwa.

"Rafiki yangu wa USIU amebadilisha somo kuu, mimi nakataliwa."

Mifumo ni miwili. USIU ilianza hapa Nairobi mwaka 1969 kama tawi la chuo cha Kimarekani, na huko mwanafunzi husoma masomo ya jumla kabla ya kuzama katika somo kuu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikua kutoka Royal Technical College iliyofunguliwa 1956, kikawa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London kuanzia 1961, na kikasimama chenyewe 1970. Katika desturi hiyo unaingia moja kwa moja kwenye shahada yenye jina lake, kwa hiyo kuhama ni kuomba nafasi upya, na alama zako za KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, hutazamwa tena.

"KUCCPS ndiyo iliyonichagulia somo kuu."

KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, inakuweka kwenye programu tu. Kama programu ina michepuo ndani yake, kuchagua mchepuo ni kazi yako na idara.

"Somo dogo la Kiswahili litanipa ajira ya TSC."

Kwa shule ya upili TSC, tume inayoajiri walimu wa shule za umma, hutazama masomo mawili ya kufundishia, na C+ ya KCSE katika kila moja, juu ya mafunzo ya ualimu. Yuniti chache za somo dogo hazitoshi. Kama unafikiria ualimu hata kidogo, fika idara ya elimu kabla hujaacha somo la pili mwishoni mwa mwaka wa kwanza, kwa sababu kulirudia baadaye ni kulipa karo ya miaka mingine.