"Asilimia mbili tu kwa mwezi"

Mwalimu mmoja wa Wete alinikunjulia fomu ya mkopo mezani, kidole chake juu ya mstari mmoja. "Ni asilimia mbili tu kwa mwezi, dada." Anataka kusoma uzamili SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na mshahara wake tayari unakatwa deni la shahada ya kwanza. Mimi kazi yangu ni kuwasaidia wafanyakazi kupanga fedha zao, na kauli hii imenichosha, maana kila anayeitamka huwa ameshashika kalamu ya kusaini.

Dhana: Asilimia 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka, basi.

Inategemea riba inahesabiwa juu ya nini. Fomu ile iliihesabu juu ya mkopo wote wa mwanzo, mpaka mwisho. Umekopa shilingi 3,000,000 kwa miezi 12: kila mwezi unarudisha 250,000 za mkopo na 60,000 za riba. Mwezi wa kwanza ni kweli, hiyo ni asilimia 2 ya unachodaiwa. Ukiingia mwezi wa saba umebakiwa na milioni moja na nusu, riba ni ile ile 60,000, yaani asilimia 4. Mwezi wa mwisho unadaiwa 250,000 tu, na bado unatoa 60,000. Asilimia 24 kwa mwezi mmoja! Mkopo huo huo, kwa asilimia 2 ya salio linalopungua na marejesho yaliyo sawa kila mwezi, riba yake yote ni kama 404,000. Wewe umelipa 720,000.

Tuliipiga hesabu hiyo mwezi kwa mwezi nyuma ya fomu yake. Alipofika mwezi wa tisa akaweka kalamu chini.

Nawaomba sana, acheni kuuliza asilimia. Ulizeni: nitapokea shilingi ngapi mkononi, baada ya ada ya fomu na bima? Na mpaka namaliza nitakuwa nimetoa shilingi ngapi? Afisa asiyetaka kukuandikia namba hizo mbili, muage uondoke.

Dhana: Deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi linaongezeka asilimia 6 kila mwaka, bora nikope benki nilimalize.

Tozo hiyo ya Bodi ya Mikopo ya Tanzania ilifutwa mwaka 2021. Ukikopa benki kulimaliza, unajinunulia riba ambayo hukuwa nayo. Makato ya Bodi hiyo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye 800,000 ni 120,000, yaweke kwenye bajeti yako ya masomo tangu mwanzo. Aliyekopeshwa na Bodi ya Zanzibar asome mkataba wake mwenyewe. Ile ni bodi nyengine, na sheria yake ni ya 2011.

Dhana: Benki ya Kiislamu haitozi riba, kwa hiyo ni nafuu.

Haitozi riba, lakini inaweka faida, na faida inaweza kuwa kubwa. Linganisha jumla kwa shilingi kama kawaida. Uliza pia ukimaliza mapema utapunguziwa nini, kwa sababu punguzo haliji lenyewe.

Dhana: Lazima niwe na ada yote kwa mkupuo.

Vyuo vingi hupokea kwa awamu. Mimi huwaambia watu wacheze upatu kabla hawajagusa mkopo wowote. Mwalimu yule wa Wete sasa anacheza na wenzake sita, laki moja kila mwezi, na wamekubali zamu yake iangukie mwezi chuo kinapofunguliwa.