Kitabu hakikuuawa, ni sura ya Frodo iliyobadilika

Kila riwaya ya fantasia inapotangazwa kutengenezewa filamu, husikika kilio kilekile: wanakwenda kukiua kitabu. Si kweli. Mwongozaji Peter Jackson alipotoa filamu tatu za The Lord of the Rings, kuanzia 2001 hadi 2003, hakuna hata herufi moja ya mwandishi wake, J.R.R. Tolkien, iliyofutika. Wengi hata walianzia sinema ndipo wakakitafuta kitabu hicho kilichotoka kwa sehemu 1954 na 1955.

Kinachoguswa hasa ni picha iliyomo kichwani mwa msomaji. Kitabuni, mhusika mkuu, Frodo, anarithi pete yenye nguvu za ajabu akiwa na miaka 33, kisha inapita miaka 17 kabla hajaondoka kwao. Anayefunga safari ni mtu mzima wa miaka 50! Kwenye filamu muda huo umebanwa, naye amepewa uso wa mwigizaji kijana, Elijah Wood. Mimi nilisoma kwanza, nikatazama baadaye, na tangu hapo Frodo wangu wa zamani simpati tena hata nikifumba macho. Hilo linauma kweli, na anayelilalamikia asiitwe mkaidi.

Lakini yapo ambayo kamera haikuyafikia. Tom Bombadil, yule mtu wa ajabu wa msituni, hayumo, wala mapambano ya mwisho ya mahobiti, watu wafupi wa jamii ya Frodo, kuikomboa nchi yao ya Shire mikononi mwa mchawi Saruman. Nikizifungua kurasa hizo, bado namwona Bombadil yuleyule niliyejichorea mwenyewe nilipomsoma mara ya kwanza.