Kutenganisha vigeu: kwa nini ngoma ina "du" na "ta"

Mpiga ngoma wa Usukumani analijua hili tangu utotoni: katikati ya ngozi ni "du", karibu na ukingo ni "ta". Ngozi ileile, mkono uleule. Siri hiyo imo ndani ya mlinganyo wa wimbi, na njia ya kuitoa inaitwa kutenganisha vigeu (vitu vinavyobadilika, hapa mahali na wakati).

Mlinganyo unasema hivi: ngozi ikibonyea au kututumka mahali, ngozi inayopazunguka huvuta kuirudisha, na mkunjo ukiwa mkali mvuto unazidi. (Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hesabu hizi zinadai avute sawa pande zote.) Ugumu ni kwamba kimo cha ngozi, u, kinategemea mahali na wakati kwa pamoja. Basi tunabahatisha: tuseme u = M × W, M ijue mahali tu, W ijue wakati tu. Yaani sehemu moja hutetema sana, nyingine kidogo, nyingine kinyume, ila mdundo ni mmoja.

Ukiiingiza kwenye mlinganyo na kugawa kwa M × W, mambo ya wakati yanabaki upande mmoja wa alama ya usawa, ya mahali upande wa pili. Hapa usiharakishe. Weka kidole kwenye nukta moja ya ngozi, acha saa itembee. Upande wa mahali haubadiliki. Basi na ule wa wakati hauna ruhusa ya kubadilika. Kumbe pande zote mbili ni namba moja tu, tena hasi, maana ingekuwa chanya ngozi ingetutumka isirudi.

Ukingo umewambwa, hausogei, kwa hiyo M lazima iwe sifuri pale. Kwa ngoma ya duara M hutoka kwenye fankisheni za Bessel, mwanafalaki Mjerumani aliyekuwa akihangaika na sayari, wala si ngoma. Sifuri za mwanzo za fankisheni hizo, yaani mahali zinapofika sifuri, ni 2.405, 3.832, 5.136 na 5.520; kila moja hupanga kasi ya mtetemo mmoja wa ngozi. Gawa zote kwa ya kwanza: 1, 1.593, 2.136, 2.295. Uzi wa zeze hutoa 1, 2, 3, 4. Ndiyo maana zeze lina noti safi na ngoma ina mshindo.

Kila pigo ni jumla ya mitetemo hiyo. Ule wa 1.593 una mstari uliotulia unaopita katikati: nusu ya ngozi juu, nusu chini. Ukigonga katikati kabisa umegonga juu ya mstari huo, na mtetemo hauamki, wa 2.136 vilevile. Sogeza mkono ukingoni, yote miwili inaamka, na "du" inageuka "ta".