Je, wajua kwa nini kima punju wa Jozani hula mkaa?

Ukipita mashamba ya kusini mwa msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, penye miembe na mikungu (miti ya kungu, si mikungu ya ndizi), huenda ukamkuta kima punju kwenye tanuri la mkaa lililokwisha kupoa. Anachagua kipande, anakitafuna taratibu, midomo imemchafuka. Mwenye tanuri hafurahi, ule ni mkaa wa kuuza. Wageni hudhani mnyama kashikwa na njaa, lakini mkaa haushibishi wala hauna lishe.

Kinachomsukuma ni majani. Kima punju, ambaye asili yake duniani kote ni Unguja tu (wale wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu miaka ya 1970), kwa sehemu kubwa anaishi kwa majani. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na humo bakteria huyachachua majani, kama inavyotokea kwa ng'ombe. Majani machanga ya mwembe na mkungu anayapenda kwa kuwa yana protini nyingi. Tatizo ni kwamba yana pia fenoli, kemikali zinazoukinga mti dhidi ya walaji. Fenoli huvuruga usagaji wa chakula tumboni, na zikizidi huwa sumu.

Mkaa umejaa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Fenoli hunata kwenye kuta za vitundu hivyo, kisha hutoka pamoja na kinyesi. Hospitali nazo humpa mtu aliyemeza aina fulani za sumu mkaa uliotayarishwa maalumu, kwa kanuni hiyohiyo. Mwaka 1997 mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake, David Cooney na Kirstin Siex, walichapisha matokeo ya kuupima mkaa wa huku kwetu kwa maji ya majani ya mwembe na mkungu. Ulizinasa fenoli vizuri. Zikishanaswa, protini ya majani inabaki kumfaa mnyama.

Nani alimfundisha? Dhana yenye nguvu ni kwamba mtoto hujifunza kwa mama yake: yuko naye kutwa, anaona anachotia kinywani, naye anaonja. Tabia yenyewe imeonekana hasa kwa makundi yanayokula mashambani, na mimi naona hapo ndipo penye utamu wa habari hii. Mwembe asili yake ni Asia, ulifika kwetu kwa mikono ya watu. Mkaa ndio kabisa, hauoti mtini. Kima huupata kwenye matanuri na visiki vilivyoungua. Kwa hiyo chakula kinachomdhuru na dawa yake vyote viwili amevikuta kwa binadamu, akaviunganisha mwenyewe.

Sokwe wa Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, wana dawa yao pia. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, akiwa na mzee wa Kitongwe (kabila la wenyeji wa huko) Mohamedi Seifu Kalunde, aliyezijua vyema dawa za miti, alimwona sokwe jike mgonjwa akimenya matawi ya mti mchungu ambao Watongwe huuita mjonso, akitafuna kiini na kumeza maji yake. Kwa kawaida sokwe hawauangalii mti huo. Kesho yake jike yule alikuwa na nafuu. Mzee Kalunde hakushangaa sana, kwani Watongwe wenyewe huutumia mjonso kwa maumivu ya tumbo na minyoo.

Ila tusiwachanganye wawili hawa. Sokwe hana mkia, ni wa jamii moja na gorila, na huku Unguja hakuna sokwe wa porini. Kima punju ana mkia mrefu. Tena sokwe alitafuta dawa akiwa tayari mgonjwa, na aliipata ndani ya msitu wake. Kima wa shamba hangoji kuugua: kwake mkaa ni sehemu ya mlo, na siku tanuri halijapoa atakwenda kukikwangua kisiki kilichoungua.