Je, kompyuta hulionaje shimo la ardhi bila kufika pale?

Mvua ikishakatika Mabatini, hapa Mwanza, barabara ya vumbi iliyoonekana tambarare asubuhi inajianika yenyewe: hapa dimbwi, pale dimbwi, na dereva wa bodaboda anashusha mguu akikisia kina. Maji yameshamchorea ramani ya mashimo. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo, ila maji yake ni hesabu.

Mashimo yanayosakwa ni yale ya nchi yenye mawe ya chokaa. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, hasa yakipita kwenye udongo, yakawa tindikali dhaifu. Yanapenya nyufani na kuliyeyusha jiwe kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Chini panabaki uwazi. Juu ardhi inabonyea kama sahani, au siku moja inaporomoka. Mapango ya Amboni kule Tanga ni kazi ya maji ya namna hiyo.

Kwanza zinatakiwa data za mwinuko. Ardhi inagawanywa vigae, kila kigae na namba yake: urefu kutoka usawa wa bahari. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada, na data zake hupatikana bure. Kisha programu inamwaga maji ya kufikirika. Tuseme kigae kina mita 1,180, na mahali pa chini kabisa pa ukingo unaokizunguka ni 1,184. Maji yatapanda mpaka 1,184 ndipo yamwagike. Ukitoa ramani ya mwanzo kwenye iliyojazwa, unabaki na shimo la mita 4. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wote, halihesabiwi shimo, kwa sababu lina mlango: Nile inatokea Jinja.

Sasa iendeshe programu hiyo kanda yetu uone vituko. Itakuletea malambo ya kunyweshea ng'ombe yaliyokauka, machimbo ya kokoto, na kwa data za karibuni, mashimo makubwa ya mgodi wa Geita. Itakuletea hata bonde lisilo na kosa lolote, eti limezibwa, kumbe ni tuta la barabara tu: rada inaliona tuta kutoka juu, kalavati iliyo chini yake haiioni. Hakuna hata moja lililotokana na jiwe kuyeyuka. Mwanza tumekalia graniti, ambayo maji huipasua na kuimenya mpaka yanabaki mawe yaliyopandana kama mwamba wa Bismarck pale Ziwa Victoria. Maji hayaitoboi mapango kama chokaa. Ndiyo maana mtaalamu hutandika ramani ya miamba kabla ya kuamini shimo lolote, halafu huchuja kwa kina na umbo, akiyapa nafasi zaidi yale ya mviringo.

Kuna pia suala la ukubwa wa kigae. Data hizo za bure zina vigae vya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, kiwanja kizuri cha nyumba. Shimo dogo kuliko hapo linamezwa ndani ya namba moja. Msituni rada yenyewe huishia kwenye matawi. Kwa kazi ya makini hurushwa ndege yenye leza: miale yake hupenya mianya ya majani hadi ardhini, kigae kinashuka hadi mita 1, na hapo linaonekana hata shimo la kutumbukia mbuzi.